Kinga Nayo Ipewe Njia

Alfajiri, kabla ya kengele ya Misa ya kwanza, njia ya Kasenga imekwisha kujaa watu wanaosukuma kinga zenye magunia ya makala. Ndio wanaotuwezesha kupika bukari, nasi twawapigia honi kana kwamba wameingia shambani mwetu. Kamyo za shaba na taksi zimegawana lami yote. Wao wameachiwa vumbi na mtaro.

Tunaambiwa fedha hazipo. Hatukubali. Tangu mwaka 2018 sheria ya madini hulitengea jimbo asilimia 25 ya malipo ambayo makampuni hutoa kwa madini wanayochimba, na asilimia 15 serikali za mahali panapochimbwa. (Mahali hapo si mwezini: ni Ruashi.)

Tukipanua barabara kwa ajili ya magari peke yake, foleni itarudi. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alilalamikia miji iliyosongwa na magari yanayobeba mtu mmoja au wawili. Sisi twadai ukanda mwembamba tu wa lami, uliotengwa kwa ukingo wa saruji, toka njia ya Kasenga hadi soko la Kenya. Bajeti ijayo ya jimbo iutaje kwa jina na kwa gharama yake, tutaisoma.