Mgeni Mdogo Mezani pa Wachina

Yako mazoea yaliyoenea miongoni mwa wazazi na walimu wa miji mikubwa, katika San Francisco na London tangu zamani, na siku hizi katika Nairobi na Dar es Salaam pia, ya kuwachukua watoto wadogo kwenda kula katika hoteli ya Wachina ili, kama isemwavyo, wajue utamaduni wa watu wengine. Nia hiyo ni njema wala haistahili dhihaka. Lakini nia njema haizuii kazi kufanywa vibaya, na kazi hii kwa kawaida hufanywa vibaya mno. Mtoto huingizwa mahali pageni kwa muda wa saa nzima, akatolewa bila ya kupata kuwa mgeni hata dakika moja.

Tazama jinsi mambo yaendavyo. Watu wazima huagiza samaki mzima, mboga na wali. Mtoto, kabla hajaulizwa neno wala hajanusa kitu, huagiziwa kuku wa kukaanga na chipsi katika sahani yake mwenyewe. Hupewa vijiti vya kulia, navyo mara hugeuka kuwa mikwiro ya ngoma au pembe za ng'ombe kichwani, na wakubwa hucheka. Mwisho, hasa katika hoteli za Marekani na Uingereza, huletwa biskuti yenye karatasi ya bahati ndani yake, na mtoto huambiwa kuwa hiyo ndiyo desturi ya Wachina. Biskuti hiyo haikutoka Uchina. Asili yake ni Japani, ambako picha ya mtu akizioka ilichapwa katika kitabu cha mwaka 1878. Ilifika California pamoja na wahamiaji wa Kijapani, na Wachina wa huko waliishika hasa baada ya mwaka 1942, serikali ya Marekani ilipowatia kambini watu wa asili ya Kijapani zaidi ya 110,000 na biashara zao zikafungwa. Basi neno pekee alilofundishwa mtoto siku ile juu ya Uchina halikuwa la kweli. Na habari ya kweli, ambayo ingaliweza kusimuliwa kwa maneno machache, ilitupwa pamoja na makombo.

Shina la kosa ni ile sahani ya chipsi. Meza ya Kichina ni meza ya ushirika: vitoweo huwekwa katikati, kila mtu ana bakuli lake la wali, na mtoto hula walacho wazee, huku bibi yake akimchagulia vipande laini visivyo na miiba. Mtoto wa Unguja au wa Lamu aliyezoea kula katika sinia moja na jamaa zake angalifahamu jambo hili upesi kuliko baba yake aliyesoma. Anajua kula upande wake, kutochimba katikati, kumngoja mzee atie mkono kwanza. Hayo yote anayo, na angaliweza kuona kwa macho yake kwamba watu wa mbali wanayo pia kwa namna nyingine. Sahani ya peke yake humnyima nafasi hiyo. Humwambia, bila ya kusema, kwamba chakula cha watu hawa si chake, na kwamba popote aendapo ulimwengu utamsogezea viazi.

Wapo wajibuo kwamba mtoto hatakula. Ni kweli kwamba watoto wa miaka miwili hadi sita huogopa chakula wasichokijua. Wachunguzi wa malezi wameliona hilo mara nyingi. Lakini wachunguzi hao hao wameona kwamba hofu hiyo hupungua kwa kuonjeshwa, pengine mara 10 au zaidi, bila ya kulazimishwa. Basi na aonje kipande kimoja. Akikataa, akatae kwa adabu, wala asitoe ulimi wala kusema “ah!” mbele ya aliyekipika, na huko kukataa kwa staha ni elimu kubwa kuliko kula. Ama njaa, hapana mtoto wa pwani aliyepata kufa njaa mbele ya bakuli la wali mweupe.

Vivyo hivyo vijiti. Mtoto wa miaka mitano hana haja ya kuvimudu. Watoto wa Kichina wenyewe huanza na kijiko. Ana haja ya kujua kwamba havichomekwi wima ndani ya wali, kwa kuwa vikisimama hivyo hufanana na vijiti vya udi viwashwavyo kwa ajili ya wafu. Mtoto aliyekwisha kuona matanga nyumbani kwao hahitaji maelezo marefu. Ana haja ya kujua kwamba buli likishikwa, wenzake humiminiwa kwanza na yeye mwisho. Na kwamba mtu wa Guangdong akimiminiwa hugonga meza taratibu kwa vidole viwili kuwa ndiyo shukrani yake. Na kile kinywaji chenyewe kina jina ambalo mtoto analo kinywani tangu alipoanza kusema. Neno chai asili yake ni Uchina, na likapita kwa Waajemi na Wahindi kabla ya kufika pwani.

Yako pia lile sinia lizungukalo katikati ya meza, ambalo watoto hulipenda kuliko kitu chochote na wazazi hulikataza. Mwaka 1915 tabibu Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang, aliyekwisha kupambana na tauni ya mapafu ya Manchuria ya 1910 na 1911, alipendekeza sinia la namna hiyo lenye vijiko vya kupakulia, ili watu waendelee kula pamoja bila ya kuambukizana kifua kikuu kwa vijiti vyao. Hiki si kisa kilichomzidi mtoto kimo. Ni kisa cha daktari aliyetaka kuokoa watu na karamu yao kwa pamoja.

Kundi la pili la wapinzani ni wajuzi, nao huudhi zaidi. Hawa husema kwamba chakula cha hoteli hizi si cha Kichina hasa, kwa hiyo hakifundishi kitu. Lakini chakula kilichobadilika ni ushahidi wa waliobadilishwa. Mwaka 1882 Marekani ilipiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia, na sheria hiyo haikufutwa mpaka 1943. Mwaka 1915 mahakama iliwahesabu wenye hoteli za chakula kuwa wafanya biashara, ambao sheria iliwaruhusu kusafiri na kuleta jamaa zao. Na hoteli zikaongezeka sana. Watu walipika walichoweza kuuza, kwa vitu walivyovipata, ili ndugu zao wapite bandarini. Mtoto wa miaka sita anaweza kuambiwa kwamba mpishi huyu alitoka mbali, na kwamba kupika kulikuwa mlango mmoja kati ya michache iliyoachwa wazi. Mjuzi anayekunja pua juu ya mchuzi mtamu amekwisha kumpita mtu akitafuta kitabu.

Mzazi Mwislamu ana neno lake la haki, nalo ni nyama ya nguruwe. Aulize, tena aulize mbele ya mtoto bila ya kukunja uso, kwani kuuliza si matusi. Na amweleze kwamba katika Uchina wako Waislamu wa kabila la Hui zaidi ya milioni 10, na kwamba tambi za Lanzhou, zenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ni chakula chao kijulikanacho nchi nzima. Mtoto aliyedhani kwamba Mchina ni mtu wa namna moja atakuwa amepata kitu cha kufikiri njiani.

Katika hoteli nyingi za jamaa namna hii wako watoto wa mwenye hoteli, wameketi meza ya nyuma karibu na jikoni, madaftari ya shule yamefunguliwa kando ya mabakuli yao. Mtoto aliyeletwa kujifunza utamaduni hupitishwa mbele yao akienda kunawa mikono, na akirudi hupitishwa tena, wala hapana amwambiaye awaamkie.