Seva Moja, Watumiaji Wengi: Mafunzo Yatangulie Nyaya

Wako walimu wanafunzi wengi wanaodhani kwamba mambo ya kompyuta za ofisi ni ya mafundi peke yao. Fundi huja, hutandaza nyaya, huwasha mitambo, hupokea malipo yake na kuondoka. Kazi ya mwalimu, kwa maoni yao, ni kubonyeza pale anapoambiwa abonyeze. Katika makala haya nakusudia kulipinga wazo hilo. Nitachukua mfano mmoja tu, yaani mpango wa kuwa na kompyuta moja yenye nguvu, iitwayo seva, ambayo watumishi wote wa ofisi huitumia kutoka mezani kwao. Rai yangu ni kwamba mpango wa namna hii husimama au huanguka kutokana na mafunzo wanayopewa watumiaji, na kufundisha ni kazi yetu sisi.

Kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe. Katika ofisi ya kawaida kila kompyuta hubeba mzigo wake: programu zimo ndani yake, na majalada vilevile. Ikiibwa au ikiungua, vilivyokuwamo hupotea pamoja nayo. Katika mpango wa seva, programu na majalada yote hukaa mahali pamoja, ndani ya seva. Kompyuta ya mezani huwa kama dirisha tu. Huipelekea seva herufi zinazopigwa na mwendo wa kipanya, nayo seva hurudisha picha ya kazi. Karani huliona jalada mbele ya macho yake, lakini jalada lenyewe halijatoka katika chumba cha seva. Ndiyo maana hata kompyuta kuukuu yaweza kuendelea kufaa kwa kazi hii, mradi iwekewe mfumo mwepesi ambao bado unapata masahihisho ya usalama.

Fikra ya kuwagawia watu wengi kompyuta moja ilikuzwa vyuoni. Mwezi Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, walionyesha mfumo uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Tarehe 1 Mei 1964, katika chuo cha Dartmouth, pia Marekani, walimu wawili wa hisabati, John Kemeny na Thomas Kurtz, pamoja na wanafunzi wao, walifanikisha mfumo wa aina hiyo kwa ajili ya chuo kizima. Nia yao ilikuwa kwamba hata mwanafunzi wa fasihi au historia aweze kukaa mbele ya kompyuta kwa urahisi ule ule anaoingia nao maktaba. Lakini waliona kwamba mtambo peke yake hautoshi. Lugha za kuiamuru kompyuta zilizokuwapo zilikuwa ngumu kwa mgeni, kwa hiyo walitunga lugha nyepesi ya BASIC, nayo ikaanza kutumika pamoja na mfumo wao. Hilo ndilo funzo la kwanza kwetu: waliotayarisha mtambo walitayarisha na somo.

Hebu sasa nieleze kilichonifanya nishike kalamu. Katika ofisi moja ya taaluma niliyopata kufanya kazi, seva iliwekwa vizuri kabisa kwa upande wa ufundi. Nyaya zilinyooka, na mitambo iliwaka. Hata hivyo watumishi hawakufundishwa lolote. Fundi aliacha jina moja la kuingilia na neno moja la siri, likaandikwa kwenye kipande cha karatasi na kubandikwa ukutani. Walimu wote, karani wa masijala, na hata wageni waliokuja kuchapa barua zao, waliingia kwa jina hilo hilo. Mwisho wa muhula ilionekana kwamba alama za wanafunzi kadhaa zilikuwa zimebadilishwa. Tulipoitazama kumbukumbu ya seva tulikuta siku na saa ya mabadiliko, lakini jina lililoandikwa lilikuwa lile lile la wote.

Unadhani nani alishukiwa? Hakushukiwa mwalimu mkongwe, wala msaidizi wa mkuu. Alishukiwa karani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na cheo kidogo na ndiye aliyeonekana mara nyingi mbele ya kompyuta. Alisema, "Mkuu, mimi sikugusa alama hizo," lakini hakuwa na cha kuonyesha zaidi ya neno lake. Hatimaye alihamishwa ofisi. Hadi leo sijui kama alikuwa na hatia au la, na hakuna awezaye kujua. Watu wengi hufikiri kwamba neno la siri ni kufuli la kuwazuia wezi. Tangu siku ile mimi naliona pia kuwa ngao ya mtu mnyonge. Asiye na jina lake katika mtambo hana namna ya kujitetea.

Wala tatizo hili si geni. Mfumo ule wa MIT huhesabiwa kuwa miongoni mwa ya kwanza kabisa kutumia maneno ya siri, na haukukaa sana kabla ya kuyavujisha. Mwaka 1962 mtafiti mmoja kijana, Allan Scherr, aliyetaka muda mwingi zaidi wa kompyuta kuliko aliogawiwa, aliuomba mtambo umchapie jalada lenye maneno ya siri ya watumiaji wote, nao ukamchapia. Miaka michache baadaye, kwa makosa, jalada la maneno hayo lilibadilishana nafasi na tangazo la siku, na kila aliyeingia akayasoma kwenye mtambo wake. Ikiwa wataalamu wa chuo kikuu walipatwa na hayo, sisi tunaobandika karatasi ukutani tutanusurikaje?

Basi mpango wa seva uandaliweje? Siwataki walimu wanafunzi wawe mafundi, lakini yapo maswali ambayo hapana budi mwalimu ayaulize kabla fundi hajafungua mkoba wake.

Swali la kwanza ni la watu na kazi zao. Iandikwe orodha ya kila atakayetumia seva, na mbele ya kila jina iandikwe kazi yake: ni majalada gani anapaswa kuyasoma tu, na yapi anaruhusiwa kuyabadilisha. Karani wa masijala ana haja ya barua, wala hana haja ya kubadilisha alama. Mwalimu wa darasa ana haja ya alama za darasa lake, si za shule nzima. Orodha hii ndiyo itakayomwongoza fundi, na aghalabu hakuna anayeweza kuiandika vyema kuliko mtu wa ofisi yenyewe.

Swali la pili ni la uwezo wa seva. Hesabu ninayoanzia mimi kwa kazi za kawaida za ofisi ni gigabaiti 2 za kumbukumbu ya kazi kwa kila mtumiaji, na gigabaiti 4 kwa ajili ya mfumo wenyewe. Watumiaji 10 watahitaji 24; ni busara basi kununua seva yenye 32, ili ibaki nafasi. Hesabu hii mtoto wa darasa la nne aweza kuifanya, lakini ofisi nyingi huiruka, kisha hulalamika kwamba mtambo ni mzito.

Swali la tatu ni la leseni. Windows Server, bila ya nyongeza, huruhusu vikao 2 tu vya mbali kwa wakati mmoja, navyo ni kwa ajili ya uangalizi wa mtambo. Watumiaji wakizidi, hapana budi iwekwe huduma maalumu na zinunuliwe leseni, ama kwa kila mtu, ama kwa kila kifaa. Umewekwa muhula wa siku 120 kabla ya leseni kudaiwa. Fundi asiye mwaminifu huikabidhi kazi ndani ya siku hizo, akalipwa, na muhula ukiisha watumishi hukuta mlango umefungwa. Njia nyingine ni kutumia Linux pamoja na programu huria ya xrdp, ambayo haina ada ya leseni, lakini huhitaji mtu anayeifahamu na watumiaji walio tayari kuzoea programu nyingine za kuandikia.

Swali la nne ni la usalama. Kwa desturi huduma ya Windows husikiliza katika mlango namba 3389, na wahalifu wa duniani kote wanaujua mlango huo. Usiachwe wazi kwa intaneti hata siku moja. Anayetaka kufanya kazi akiwa nyumbani apitishwe kwanza katika njia ya siri ya mtandao. Mwezi Mei 2019 kasoro iliyopewa jina la BlueKeep ilitangazwa katika huduma hiyo, na hatari yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba kampuni ya Microsoft ilitoa masahihisho hata kwa mifumo ya zamani iliyokuwa imekwisha kuachwa. Kadhalika, nakala za akiba ziwekwe kila siku, na moja yake ikae nje ya jengo. Na seva ipewe betri ya UPS ili umeme ukikatika izimwe kwa utaratibu. Kwa Tanzania, tukumbuke pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Alama na anwani za watoto ni amana tuliyokabidhiwa.

Sasa nije kwenye mafunzo yenyewe. Somo la kwanza mimi hulifundisha bila kompyuta. Humweka mwanafunzi mmoja katika meza ya mbele, naye huitwa Seva. Huyu hushika madaftari ya wote. Wengine hukaa mbali, kila mmoja na vipande vya karatasi. Mtu akitaka kuandika, huandika agizo na jina lake katika kipande, humpelekea Seva, naye Seva huandika katika daftari la mwenye jina na kuliinua lionekane. Darasa likiisha kuzoea, humwambia mmoja anyamaze ghafla, kana kwamba umeme umekatika mezani kwake. Nauliza: daftari lake liko wapi? Wote huona kwamba lipo, wazi, mbele ya Seva. Kazi haikupotea, akirudi ataendelea alipoishia.

Kisha nawaambia wengine wanne wanyamaze vilevile. Punde meza ya Seva hujaa madaftari yaliyo wazi, na aliyebaki akifanya kazi hana pa kuandikiwa. Hapo ndipo ninapofundisha tofauti ambayo watumiaji wengi hawaijui: kufunga dirisha si kutoka. Mwenye kufunga dirisha tu huacha kikao chake kikila kumbukumbu ya seva. Mwenye kutoka kwa utaratibu hufunga daftari lake na kulirudisha.

Mwisho, nawapa wanafunzi wawili jina moja. Mmoja huandika, mwingine hufuta. Namwuliza Seva, "Nani amefuta?" Seva hukosa jibu. Sijaona darasa lolote lililohitaji maelezo zaidi baada ya hapo.

Somo la pili hufanyika mbele ya kompyuta, na kanuni yake ni moja: mwalimu asishike kipanya cha mwanafunzi. Kila mtumiaji atunge neno lake la siri mwenyewe, aingie, afungue jalada, aandike sentensi mbili, kisha achomoe waya wa mtandao kwa makusudi. Aingie tena, aone sentensi zake zingalipo, aihifadhi kazi, halafu atoke kwa utaratibu. Dakika 40 zatosha kwa kikundi cha watu wanane. Aliyekwisha kuchomoa waya kwa mkono wake hataogopa siku umeme utakapokatika.

Wapo wanaosema kwamba watu wazima hawawezi kukumbuka maneno ya siri, na kwamba jina moja kwa wote hurahisisha kazi. Nawajibu kwamba watu hao hao hukumbuka namba za siri za fedha zao katika simu, wala hawazibandiki ukutani. Hukumbuka kwa sababu wanajua watakachopoteza. Wengine husema kwamba seva moja ikiharibika ofisi nzima husimama. Hoja hiyo ni ya kweli, nami siipuuzi. Ofisi isiyoweza kuweka nakala za akiba, wala kumpata mtu wa kuitengeneza seva upesi, ni afadhali ibaki na kompyuta zake tatu zilizo mbalimbali. Lakini ofisi iliyokwisha kuamua kushiriki mtambo mmoja haiwezi kukwepa wajibu wa kumpa kila mtu jina lake na kumfundisha kulitunza.

Wewe mwalimu mwanafunzi, yamkini siku moja utapangiwa shule ambamo mtambo kama huu umekwisha kuwekwa. Kabla ya kuusifu au kuulaumu, tazama ukutani. Ukiona karatasi yenye neno la siri, ibandue kwa adabu, umwombe mkuu wako saa moja ya mchana wa Ijumaa, uwakusanye wenzako pamoja na karani, mgawane madaftari, na umchague mmoja wenu awe Seva.