Acha kumwambia mamako unahitaji MacBook

Najua hii itaniletea vita kwa komenti lakini wacha niseme. Kila mwaka kampasi zikikaribia kufunguliwa, inboksi yangu hujaa swali moja: "Bro, nataka kuandika programu, ninunue MacBook gani?" Si laptopu gani. MacBook gani. Ukiuliza pesa inatoka wapi, unaambiwa matha amechukua mkopo kwa chama.

Manze! MacBook Air mpya ni zaidi ya laki moja. Huyo mama atalipa huo mkopo akijinyima ndio wewe uandike Python ya mwaka wa kwanza, kazi ambayo mashine ya 2018 inafanya ikipiga miayo.

Sisemi Mac ni mbaya. Betri inakaa, na ukitaka kutengeneza apu za iPhone hauna njia nyingine, maana Xcode haiingii kwa Windows wala Linux. Lakini wangapi kati yenu mnalipwa kutengeneza apu za iPhone? Wateja wetu wengi wako kwa Android. Na ukitaka Android Studio pamoja na emyuleta yake, Google wenyewe wanasema uwe na RAM ya GB 16 kwenda juu. Ile MacBook ya M1 ya GB 8 uliyoona kwa stetasi ya mtu haifiki hapo, na haitawahi kufika, kwa sababu RAM yake haiongezwi. Ulichonunua ndicho utazeeka nacho.

Ndio maana mimi ni mtu wa ex-UK. ThinkPad T480 au EliteBook 840 G5, zote za 2018. Zilikuwa za maofisi huko ng'ambo, zikabadilishwa, zikaletwa huku. Ukifungua chini unapata nafasi mbili za RAM. Anza na GB 8, ukipata kakazi unaongeza. T480 hata ina betri mbili, na ile ya nje unaichomoa na kuweka ingine bila kuzima mashine. Na stima zetu si tunazijua.

Laptopu ya michezo? Chaja kama tofali, betri ya kukufikisha Ngara. Tuendelee.

Sasa ukifika Moi Avenue, kuna muuzaji atakwambia, "Hii ni i7, boss, hiyo unataka ni i5 tu." Usibabaike. Soma namba inayofuata. i7-6600U ni ya kizazi cha sita na ina kori mbili. i5-8250U ni ya kizazi cha nane na ina kori nne. Ukiwa na mradi mkubwa wa kujenga, hiyo i5 "tu" inaacha mwenzake mataani. Tena kwa Intel, Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu, na Windows 10 iliisha muda wake Oktoba 2025. Hiyo i7 ya bei rahisi utaiwekea Linux. (Hiyo si adhabu, lakini ni mjadala wa siku ingine.)

Kabla utoe pesa, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, uende Performance, kisha Memory. Itakuonyesha RAM iliyoko na nafasi ngapi zimetumika. Hapo kando, Disk ikisema HDD badala ya SSD, wachana nayo. Halafu fungua Command Prompt uandike powercfg /batteryreport. Linganisha uwezo betri ilitoka nao kiwandani na uliobaki. Ukipata ni nusu, shuka na bei. Mwisho, iwashe upya ukibonyeza F1 kwa ThinkPad au F10 kwa HP. Ikiitisha nenosiri ambalo muuzaji hana, hiyo mashine bado ina mwenyewe.

Muuzaji wa maana hakasiriki ukikagua. Akianza kukuharakisha, toka. Kwa hiyo ghorofa kuna wengine wanauza kitu hicho hicho.