Michezo ya Ndani Nayo Ipigwe Picha

Nadhani wasomaji wengi wa gazeti letu, wakishalipokea, hutafuta kwanza kurasa za michezo. Humo twaona picha nzuri za kandanda: mlinda mlango yu hewani, vumbi linatimka, watazamaji wamenyanyua mikono. Lakini mpira wa meza, ngumi na michezo mingine ichezwayo bwaloni jioni haina picha, ila ile ya wachezaji waliopangwa mstari baada ya mchezo kwisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Picha ni daftari la michezo. Msichana wa Lukuledi aliyewashinda wageni kutoka Newala kwa mpira wa meza anastahili kuandikwa katika daftari hilo sawasawa na mvulana aliyefunga goli uwanjani.

Kizuizi chetu ni giza. Jicho la mtu huzoea mwanga hafifu, hata bwalo likaonekana kana kwamba lina taa za kutosha. Kamera haidanganyiki hivyo. Ili ipate mwanga wa kutosha hapana budi iache kilango chake wazi kwa muda, labda sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Katika muda huo mkono wa mchezaji umekwisha kupita, na picha hutoka kama moshi.

Wapo wasemao kwamba tungoje mpaka tupate kamera ya bei kubwa. Mimi sikubaliani nao. Kinachotakiwa ni mwanga, na mwanga twaweza kuutengeneza wenyewe kwa flashi mbili za mitumba na kamera ya kawaida. Flashi ikipigwa kwa nguvu zake zote hutoa mwanga kwa muda wa kama sehemu 1 ya 1,000 ya sekunde, na ukiipunguza nguvu muda huo huwa mfupi zaidi. Kamera ikiwekwa kwenye 1 ya 200, taa za bwalo hazitaonekana sana. Picha itafanywa na flashi, na mpira utasimama hewani.

Jambo hili si geni duniani. Harold Edgerton, mwalimu wa chuo cha MIT huko Marekani, alitumia mimweko ya umeme tangu miaka ya 1930 kusimamisha vitu viendavyo kasi. Tarehe 25 Mei 1965, Muhammad Ali alipomwangusha Sonny Liston mjini Lewiston, kijana Neil Leifer alipata picha inayojulikana mpaka leo, akisaidiwa na flashi zilizotundikwa juu ya ulingo. Wala tusidhani kwamba kazi ya picha ni ya watu wa mbali tu. Mohamed Amin alianza kupiga picha alipokuwa mwanafunzi Dar es Salaam, na mwaka 1963 akaanzisha huko kampuni yake ya Camerapix.

Sasa tutengenezeje? Nguzo mbili za mianzi, kila moja imesimikwa ndani ya debe la mchanga, zatosha. Flashi ifungwe juu ya nguzo kwa kamba mbili, ili moja ikikatika isimwangukie mtu. Nguzo ziwekwe kwenye pembe mbili za bwalo, upande wa mpiga picha, na flashi zielekezwe kwenye dari nyeupe. Pasipo na dari, litandazwe shuka jeupe nyuma ya flashi, nayo flashi igeuziwe shuka hilo, mwanga urudi ukiwa mpole. Tukumbuke pia kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga hubaki robo tu. Kwa hiyo nguzo zisiwe mbali na meza. Betri ndogo nne za kuchaji kwa kila flashi zatosha, hata umeme ukikatika.

Kuziamrisha flashi ziwake pamoja, vipo vifaa vidogo vya redio vya bei nafuu. Yafaa kuvitumia, kwa sababu flashi nyingine za zamani zina volti nyingi kwenye mguu wake, nazo zikipachikwa juu ya kamera ya siku hizi zaweza kuiunguza. Na mtu asifungue flashi kwa udadisi. Ndani mna umeme wa volti kama 300, nao hubakia hata baada ya kuizima.

Wengine watasema simu ya mkononi yatosha. Mchana uwanjani, naam. Lakini taa ya simu ni hafifu, haifiki mbali. Wengine watasema mwanga huo utawasumbua wachezaji. Hoja hii ina nguvu, maana katika mashindano mengi makubwa ya mpira wa meza flashi hazikubaliwi. Basi tuombe ruhusa ya mwamuzi na ya timu zote mbili, na wasiporidhika tupige picha wakati wa mazoezi. Wengine tena watasema fedha hizo zingenunua vitabu. Nami najibu kwamba nguzo hizo ni vitabu pia: kidato cha tatu watajifunza mwanga na umeme kwa kuvishika kwa mikono yao.

Nashauri basi tuanzishe chama cha picha muhula ujao, chini ya mwalimu wa fizikia, na wasichana wawe nusu ya wanachama. Mzazi aliye na flashi ya zamani kabatini asiitupe, atuletee. Na wenzangu mnaopinga, andikeni katika toleo lijalo, tusikie sababu zenu.