Andika Jina la Dawa Iliyokudhuru

Mtu akianza dawa, kisha baada ya siku chache akatokwa na upele na homa, nyumbani husemwa: "Ugonjwa unatoka nje, endelea kumeza." Ushauri huo unaweza kuua.

Tuchukue mfano wa Septrin, ambayo wengi tunaifahamu. Ndani yake mna dawa ya jamii ya salfa. Ini huibadili dawa hiyo ili itoke kwa mkojo. Lakini sehemu yake ndogo hugeuka kuwa kemikali kali inayonata kwenye protini za mwili. Kwa watu wengi, mwili huizima mapema. Kwa wachache, chembechembe nyeupe za damu huiona protini hiyo kama adui. Baadhi hutengeneza kingamwili dhidi yake, kama zifanyavyo kwa vijidudu. Nyingine huishambulia ngozi. Tena, maabara zimeonyesha kuwa kemikali hiyo huweza kuziua chembechembe hizo zinazotulinda.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo ilivyo kinga ya mwili. Mara ya kwanza upele huweza kuchelewa wiki moja au mbili. Dawa ikirudiwa, madhara huja upesi na huweza kuwa makali zaidi: macho mekundu, vidonda mdomoni, ngozi kubabuka. Wenye virusi vya UKIMWI hupatwa mara nyingi zaidi kuliko wengine.

Sisemi Septrin ni mbaya. Imeokoa wengi, hasa wenye virusi hivyo, kwa kuwakinga na nimonia. Anayeitumia bila tatizo asiiache.

Ninachodai ni kumbukumbu. Mgonjwa huambiwa, "Acha hiyo," na jina la dawa haliandikwi popote. Mwakani hupewa dawa ile ile yenye jina jingine, au SP, wanayopewa wajawazito kuzuia malaria, ambayo nayo ina salfa.

Kwa hiyo, ukiona dalili hizo wahi zahanati siku hiyo hiyo, kabla ya kumeza kidonge kingine. Omba jina la dawa liandikwe kwenye daftari lako kwa herufi kubwa. Nanyi wauguzi na waganga, ulizeni kabla ya kutoa. Vidonge vilivyobaki usimpe jirani. Hujui mwili wake unakumbuka nini.