Pointi Nyingi Si Ushindi: Hesabu Tusiyoifanya Kiwanjani

Kwenye baraza zetu, mechi ya mpira wa vikapu ikimalizika swali huwa moja: nani kafunga nyingi? Aliyetia pointi 25 ndiye shujaa. Hatuulizi alirusha mara ngapi. Kama alirusha mara 30, huyo hakuibeba timu, aliilemea.

Mmarekani Dean Oliver, aliyeandika kitabu Basketball on Paper mwaka 2004, ana maelezo mepesi. Timu mbili hupokezana mpira, kwa hivyo nafasi zao za kushambulia hukaribia kulingana. Mshindi ni anayevuna zaidi katika kila nafasi. Oliver akayapa uzito mambo manne: ulengaji asilimia 40, kutopoteza mpira 25, kuokota mipira iliyokosa kikapu 20, na mitupo ya adhabu 15.

Ulengaji nao una hesabu yake. Rusha mara 10 za pointi mbili, utie 5, una pointi 10. Rusha 10 kutoka mbali, utie 4 tu, una 12. Ndiyo maana NBA, ilipoanzisha mstari wa pointi tatu msimu wa 1979-80, timu ilijaribu kwa wastani chini ya mara tatu kwa mechi. Siku hizi wastani umepita 30.

Lakini hesabu si uganga. Mei 28, 2018, Houston Rockets, waliotegemea sana mitupo ya mbali, walicheza mechi ya saba ya fainali ya Kanda ya Magharibi na Golden State Warriors. Mapumzikoni waliongoza kwa pointi 11. Siku hiyo walikosa mitupo 27 mfululizo ya pointi tatu, wakatia 7 kati ya 44, wakashindwa 101-92. Takwimu hukuonyesha kinacholipa katika mechi nyingi. Mechi moja ina yake. Tunafunga ngamia, kisha tunatawakali.

Pwani hatukosi vipaji, na timu za KPA ni ushahidi. Linaloniuma ni kijana anayekaba, anayeokota mipira, asiyepoteza pasi, kisha akaachwa kwenye uteuzi kwa kuwa jina lake halimo kati ya wafungaji. Kazi yake haikuandikwa popote, basi ni kama hakuifanya.

Dawa yake haihitaji kompyuta. Daftari na kalamu vyatosha. Makocha wa shule na mitaa, mpeni mchezaji wa akiba kazi ya kuandika mambo haya manne, mchezaji kwa mchezaji. Baada ya mechi kumi mtajua nani anawapa ushindi na nani anawapa makofi tu. Akija mteuzi, au mwenye nafasi ya ufadhili wa masomo, mumwekee karatasi mbele yake. Neno "huyu mtoto ni mzuri" kila kocha analo. Karatasi ni wachache walio nayo.