Safari ya Thelujini na Hati ya Shamba

Kila mwaka ifikapo Desemba, hoteli za Diani, Watamu na Malindi huanza kujaa wageni kutoka Ujerumani, Uswisi, Austria na Italia. Wanaikimbia baridi ya kwao. Sisi watu wa Pwani tumewazoea, na hapana mtu anayewauliza kwa nini wamekuja. Mgeni akisema amekuja kuota jua, huaminiwa papo hapo, na afisa wa uwanja wa ndege humgongea muhuri akamtakia mapumziko mema. Swali ninalotaka tulitazame leo, ndugu msomaji, ni hili: akitoka mtu wa huku akasema anakwenda kuchezea theluji, naye ataaminiwa?

Sikulizua kwa mzaha. Limenijia kutoka Masii, mahali ambapo huenda lisingetarajiwa kabisa. Masii ni soko la Ukambani, katika barabara itokayo Machakos kwenda Wamunyu na Kitui. Ni nchi ya ukame; mvua ya Novemba ikikatika mapema, mahindi hukauka yakiwa yamefika magotini, na mito yake kwa miezi mingi ni mchanga mtupu. Sisi wa Mombasa sehemu hizo tunazijua zaidi kwa ajili ya vinyago. Ufundi ulioanzia Wamunyu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulishuka mpaka Changamwe, ambako chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba huwauzia twiga na vifaru wa mbao hao hao wageni wa Desemba.

Huko Masii anaishi mwalimu mstaafu aliyenifundisha hesabu Mombasa katika miaka ya themanini. Binti yake alifanya kazi katika hoteli moja ya Pwani ya Kusini, akaolewa na Muaustria, na sasa wanakaa Zell am See, mji ulio kando ya ziwa katika bonde la milima ya Alpi, mkoa wa Salzburg. Wajukuu wanateleza juu ya theluji kama samaki majini, na wamemwita babu yao akawaone. Mwalimu, ambaye miaka sabini ameshaipita, hataki kwenda kukaa sebuleni na blanketi. Anataka afungwe zile mbao miguuni. Mkewe asema mzee amerukwa na akili.

Kwa asiyejua, mchezo huo waitwa skii. Mtu huvaa viatu vigumu kama vya chuma, vikabanwa kwenye mbao mbili ndefu nyembamba, akapandishwa mlimani kwa kibanda kinachoning'inia kwenye waya, kisha akajiachia kuteremka. Anayejifunza hupewa kilima kidogo pamoja na watoto wa miaka minne, na somo lake la kwanza si kuteremka bali ni kusimama. Vifaa hukodishwa. Karata ya kupandia mlimani katika msimu mkubwa ni zaidi ya euro 70 kwa siku, yaani zaidi ya shilingi elfu kumi zetu. Si mchezo wa maskini, hata huko kwao.

Mwalimu aliniita nikamsaidie kuzipanga karatasi. Fedha anazo, kwa kuwa binti na mkwewe wamejitolea, naye ana pensheni. Nilidhani tutazungumza habari za soksi na makoti. La hasha! Siku nzima tulizungumza habari za viza. Ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala katika siku kumi na tano za mwisho. Ada ni euro 90. Ilipandishwa kutoka 80 mnamo Juni 2024, na hairudishwi hata ukinyimwa. Patakiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, barua ya mwaliko, taarifa za benki na alama za vidole. Na hiyo bima nilimwambia aisome mpaka maandishi madogo, maana bima nyingi za safari hazimlipi mtu aliyevunjika mguu akicheza skii ila ameongeza fedha.

Lakini yote hayo ni mepesi. Zito ni moja, nalo haliuzwi dukani: lazima uthibitishe kwamba utarudi. Katika ile karatasi ya kukataliwa, inayotumika katika nchi zote za Schengen, imo sababu iliyochapishwa tayari kwamba ipo shaka juu ya nia ya mwombaji kuondoka kabla muda wake haujaisha. Afisa huweka alama tu kwenye kisanduku. Shaka hujibiwaje? Hujibiwa kwa vitu vinavyokufunga kwenu: ajira, mke, watoto, nyumba, hati ya shamba. Mwalimu ameitoa nakala ya hati ya ekari zake, akacheka. "Mwanangu," akaniambia, "huku shamba hili halinipi hata debe la mbaazi, lakini huko ndilo litakalonisemea."

Tusiwaonee wenye nchi zao. Wako waliokwenda kwa wiki mbili wakakaa miaka kumi, na kila serikali ina haki ya kujua aingiaye. Kenya nayo, ilipoondoa viza Januari 2024, haikuacha mlango wazi. Iliweka kibali cha kuombwa kwa mtandao kwa dola kama thelathini hivi. Lakini pimeni uzito wa maswali. Mswisi anayekuja Diani hujaza fomu nyumbani kwake, na hapana anayetaka kuona hati ya shamba lake la Zermatt. Hupewa dhana njema kwanza. Mtu wa Masii huanza na dhana mbaya, kisha ajivue nayo kwa karatasi moja baada ya moja.

Na katika hilo mna jambo ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha. Kwa kipimo hicho cha vifungo, anayeaminika zaidi ni mzee, mwenye ardhi na pensheni na magoti yanayouma. Asiyeaminika ni kijana wa miaka ishirini na mitatu, hajaoa, hana shamba kwa sababu baba yake yu hai, kazi yake ni ya bodaboda au ya vibarua. Mchezo wa skii ni wa vijana; karatasi za skii ni za wazee. Kijana huyo hata akiokota fedha zote za safari njiani, hana cha kumfunga. Ndipo hapo dalali wa mjini anapompata, akamwahidi barua ya kazi ya uongo na taarifa ya benki ya kuazima. Na akikamatwa na uongo huo, shaka iliyokuwa juu yake mmoja huwaangukia wenziwe wote waliosema kweli.

Kutoaminiwa kwa habari ya theluji si jambo geni katika nchi hizi. Tarehe 11 Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann, akitokea Rabai na kuongozwa na Bwana Kheri, aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Alipomuuliza kiongozi wake kile ni nini, aliambiwa ni baridi. Jibu lenye akili, kwa maoni yangu. Alikitaja kitu kwa kazi yake. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, mwenziwe Krapf aliuona Mlima Kenya kutoka Kitui, alikokuwa mgeni wa Kivoi, mkubwa wa Wakamba na mfanya biashara aliyezijua njia za Mombasa. Huko London, Desborough Cooley, ambaye hakupata kukanyaga bara hili, aliandika kwamba theluji karibu na Ikweta haiwezi kuwako. Walioiona kwa macho waliambiwa hawakuona.

Sisi Waislamu wa Pwani neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, na tunalitaja zaidi kuliko tunavyofikiri. Katika sala ya maiti tunamwombea aliyetutoka aoshwe kwa maji na theluji na mvua ya mawe. Nimeisema dua hiyo makaburini mara nisizozihesabu, na theluji sijaiona ila kwenye picha.

Waliokwisha kuifuata ni ndugu zetu wa Ghuba. Dubai wamejijengea mlima wao ndani ya duka, Ski Dubai, tangu 2005. Na hiyo Zell am See ni mji mashuhuri sana kwa Waarabu wa Saudia na Imarati, ijapokuwa wao huenda zaidi wakati wa kiangazi, kutazama majani mabichi na kunyeshewa mvua. Mwaka 2014 mji huo ulitoa kijitabu cha kuwafunza adabu: wasipatane bei madukani, wasile wamekaa sakafuni katika vyumba vya hoteli, wanawake wavue nikabu. Kilizua maneno mengi. Fedha zao zilipendwa, mikeka yao haikupendwa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2017 Austria nzima imekataza kuficha uso hadharani, na faini yafika euro 150. Uswisi ikafuata Januari 2025. Bibi zetu wanaofikiria safari hiyo wajue kwamba buibui na mtandio havimo katika katazo. Ni uso tu. Nao uso, kule juu mlimani, kila mtu ameufunika kwa kofia na miwani na kitambaa mpaka puani, na sheria yenyewe imewatoa wafanyao hivyo kwa ajili ya michezo. Na wajue pia kwamba mwezi wa Desemba magharibi huingia huko kabla ya saa kumi na nusu, kwa hiyo adhuhuri na alasiri zinafuatana kama mabasi.

Ipo na haraka katika jambo hili. Theluji yenyewe inapungua. Katika miteremko ya Austria, takriban sehemu saba katika kumi sasa hutegemea theluji ya mashine, na Italia ni tisa katika kumi. Huchimbwa bwawa juu mlimani, maji yakasukumwa katika mizinga, yakarushwa hewani usiku wa baridi kali, yakaanguka yameganda. Juu ya Kaprun, jirani wa Zell am See, mlima wa Kitzsteinhorn unapita mita 3,000 na bado una barafu ya asili. Chini bondeni mambo yanazidi kutegemea mizinga. Kwetu ni vivyo hivyo: UNESCO ilisema mwaka 2022 kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya huenda ikawa imekwisha ifikapo 2050. Nilipomweleza mwalimu habari za mizinga alinyamaza kidogo. Masii na Ukambani yote wanajua kuhifadhi maji kwa mabwawa ya mchanga: vikundi vya mwethya hujenga ukuta katika mto mkavu, mafuriko yakaleta mchanga, na mchanga ukayaficha maji yasinyweke na jua, mpaka watu waje na madumu. "Kumbe nao wanahangaika na maji," akasema, akarudi kwenye fomu yake.

Wakenya waliofika kwenye theluji wakajulikana ni wachache. Philip Boit, mtu wa Eldoret, alipelekwa kujifunza Ufini kwa gharama ya kampuni ya viatu, akashindana Nagano mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho, dakika ishirini hivi nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei, na Dæhlie akangoja kwenye mstari hadi amkumbatie. Boit akamwita mwanawe Dæhlie.

Wa pili ni wetu hasa. Sabrina Simader alizaliwa Kilifi mwaka 1998. Alipokuwa na miaka mitatu alichukuliwa na mama yake kwenda Austria, na ni huko, kwa baba wa kambo, alikojifunza skii. Mwaka 2018 aliibeba bendera ya Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang, hajatimiza miaka ishirini, Mkenya wa kwanza kushuka milima ya Olimpiki kwa mbio hizo za Alpi. Tulimpigia makofi, na ilikuwa haki yake. Lakini msichana mwingine wa Kilifi, rika lake, mwenye miguu kama yake, aliyebaki kwao, lau angeomba mwaka ule ule kwenda wiki moja tu kujaribu kuteleza katika bonde lolote la Austria, angeulizwa ana shamba gani, na hati iko wapi.